UZI: Namna samaki wa mtoni wanavyogawana makazi na chakula, na kwa nini tuwatazame wakati wa kiangazi

Wakuu, nawasalimu.

Siku chache zilizopita tulikuwa tukijadili upandikizaji wa sato katika mito yetu, na mchangiaji mmoja akasema kwamba mto wenye aina 15 za samaki hauwezi kushindwa kumpokea wa 16, kwa kuwa samaki wote wamo katika maji yaleyale na wote hula kile kinacholetwa na maji. Sikumjibu siku ile, kwa sababu jibu lake ni refu. Anayesimama darajani wakati wa mvua na kutazama maji ya udongo yakipita hawezi kuona sababu ya kumpinga. Anayeshuka mtoni mwezi wa Oktoba, maji yakiwa yamepungua hadi magotini na mawe yakionekana moja moja, anaona mto uliogawanywa kama shamba la ukoo, ambamo kila mmoja anajua mpaka wake. Nitaeleza ninachokifahamu juu ya mgawanyo huo, kisha tuendelee kujadiliana.

Nianze na midomo. Mdomo wa samaki ni kama zana ya fundi: ukiuona, huhitaji kuuliza kazi yake. Ningu, ambaye wavuvi wa Ziwa Victoria na mito inayoingia humo wanamfahamu vizuri, ana mdomo ulioelekea chini, nao ameumbiwa kukwangua mwani na utelezi ulioshika juu ya mawe. Domodomo ana kichwa kilichorefuka mbele kama mrija, na kinywa kidogo mwishoni, ambacho hukiingiza katika tope kutafuta mabuu ya wadudu. Kazi hiyo huifanya usiku, akiongozwa na umeme hafifu anaoutoa mwenyewe, hivyo giza na maji machafu havimzuii. Kuyu ana mdomo unaochomoza, naye huokota konokono, wadudu na vipande vya mimea bila kuchagua sana. Ndungu wa Rufiji na Kilombero hula majani na mimea ya majini. Ukiwaweka hawa wanne katika kidimbwi kimoja, utadhani wamebanana, lakini kila mmoja yumo katika chumba chake.

Mahali nako ni sehemu ya mgawanyo, na pengine ni sehemu kubwa kuliko chakula. Katika mapito ya maji ya kasi, ambako mawe hutoa povu, huishi samaki wadogo wa jamii ya kambale ambao wengi wetu hatujawahi kuwapa jina, kwa sababu hawafiki kwenye sufuria. Jenasi yao huitwa Chiloglanis. Midomo yao imetanuka ikawa kama sahani ya kunyonya, na kwa sahani hiyo hujishikiza kwenye jiwe wakati mkondo ungemsomba samaki mwingine yeyote wa ukubwa wao. Majirani zao wa jenasi ya Amphilius wana miili iliyobapa upande wa tumbo, nao hujibana chini ya mawe hayohayo wakitafuta mabuu. Mita chache tu kutoka hapo, mkondo unapotulia, utakuta visamaki vya Enteromius vikiogelea katikati ya maji na kudaka wadudu wanaoelea. Kwenye mizizi iliyoning'inia ukingoni ndimo wanamojificha watoto wa karibu kila aina. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukigeuza mawe mtoni kutafuta chambo, na sikuelewa kwa nini vile visamaki vilivyokuwa vikinata kwenye mawe ya povu sikuwahi kuvikuta hata mara moja kwenye kidimbwi tulichokuwa tukiogea.

Mahali pazuri pa kuyaona haya kwa macho ni Chemchemi za Mzima, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Maji yake hutoka chini ya Milima ya Chyulu yakiwa yamechujwa na miamba ya volkano, na ni maangavu kiasi kwamba sehemu yake hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa kwa matumizi ya watu. Humo kuna viboko, na kuna samaki wa jenasi ya Labeo, ndugu wa ningu, ambao huwazunguka viboko hao na kukwangua mwani ulioota kwenye ngozi zao. Kwa samaki huyu, kiboko ni jiwe jingine lenye mwani, tena jiwe linalotembea. Wakati huohuo kinyesi cha kiboko hutua chini na kuwa chakula cha samaki wengine na cha wadudu ambao nao huliwa. Mnyama mmoja amefungua meza kadhaa, na walaji hawagongani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1971 watafiti wawili, Thomas Zaret na Stanley Rand, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika kijito kimoja cha Panama. Walichunguza samaki wa kijito hicho wanaishi wapi na matumboni mwao mna nini, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Wakati wa mvua, chakula kilipokuwa kingi, matumbo ya aina mbalimbali yalifanana sana. Wakati wa kiangazi, chakula kilipopungua, yakatofautiana. Wengi wetu tungetarajia kinyume chake, kwamba njaa ingewafanya wote waparamie kile kidogo kilichobaki. Kilichotokea ni kwamba kila aina ilirudi kwenye kile ambacho mdomo wake na mwili wake vinakiweza kuliko vya jirani.

Huku kwetu jambo hilo tunaliona kila mwaka mvua za kwanza zinapoleta kumbikumbi. Usiku wa kumbikumbi karibu kila samaki mwenye mdomo wa kutosha hupanda juu ya maji, na ukimpasua kuyu au kambale asubuhi yake, utakuta kitu kilekile tumboni. Mtafiti anayekuja siku hiyo na kuondoka kesho yake ataandika kwamba samaki wa mto huu wanakula chakula kimoja, na hatakuwa amesema uongo, ila atakuwa ameuona mto siku ya harusi na kudhani ndivyo watu wa nyumba ile wanavyokula kila siku.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: nafasi ya samaki mtoni hupimwa kiangazi. Anayepima wakati wa mafuriko, iwe ni kwa ajili ya kupandikiza samaki, kuchepusha maji au kujenga banio (kizuizi cha kuelekeza maji ya mto mferejini), anapima kitu kisichokuwepo kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Mchangiaji wa pili:

Mkuu, shukrani kwa uzi huu. Nina swali la dhati. Mafuriko hufagia kila kitu, mawe hubingirika, vidimbwi huhama na samaki wengi hufa au kuchukuliwa na maji. Je, si kweli kwamba mto huanza upya kila mwaka, na mgawanyo unaousema ni bahati tu ya nani aliyefika wa kwanza baada ya maji kupungua?

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, swali lako ni zito, na wapo wataalamu wa ikolojia waliolishikilia kwa miaka mingi. Nakubaliana nawe kwamba mafuriko huvuruga. Ninachokipinga ni neno bahati.

Kuna kazi ya Mary Power, iliyofanyika pia Panama, katika mto uitwao Frijoles, na kuchapishwa mwaka 1984. Alichunguza kambale wenye magamba magumu kama deraya, wa familia ya Loricariidae, ambao hukwangua mwani kama ningu wetu. Baadhi ya vidimbwi vya mto ule vilikuwa chini ya kivuli kizito cha msitu, na vingine vilipata jua. Katika vidimbwi vya jua mwani ulikua kwa kasi ya takriban mara 6 hadi 7 kuliko katika vile vya kivuli, na kambale nao walikuwa wengi kwa kiasi kilekile, mara 6 hadi 7. Kwa sababu hiyo kiasi cha mwani kilichobaki juu ya mawe kilikuwa karibu sawa kila mahali, na kambale wadogo wa kivulini na wa juani walikua kwa mwendo mmoja. Samaki walikuwa wamejipanga kulingana na chakula, hadi ikawa hakuna aliyepata faida kwa kuhama. Kama wangetapakaa kwa bahati tu, uwiano huo usingetokea.

Power aliona na jambo la pili, ambalo mimi huliona kuwa zuri zaidi. Kando ya vidimbwi, mahali ambapo kina cha maji hakikufika sentimita 20, palikuwa na ukanda wa mwani mwingi ambao haukuguswa, hata wakati wa kiangazi ambapo kambale walikuwa na njaa. Sababu ilikuwa ndege. Korongo na ndege wengine wala samaki huvua kwenye maji mafupi, na kambale mkubwa anayesogea huko hujiweka mdomoni mwao. Kwa hiyo ndege, ambaye hali mwani hata kidogo, ndiye aliyekuwa akiamua mwani upi uliwe na upi ubaki. Tunapozungumzia samaki kugawana mto, tukumbuke kwamba mipaka mingine huwekwa na wale wanaowala.

Turudi kwenye mafuriko. Ningu mwenyewe amepanga maisha yake kuyafuata: mvua zinapoanza hutoka ziwani, hupanda mito na kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, kisha hurudi. Kwake mafuriko ni wakati wa kuzaa, naye huyategemea yaje. Ndiyo maana wavuvi walipoanza kutega nyavu za makila kwenye midomo ya mito, karne iliyopita, ningu wa Ziwa Victoria walipungua vibaya sana, kwa kuwa walinaswa wakiwa njiani kwenda kutaga.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi ni mvuvi wa ndoana, si msomi. Kambale ninayemvua huwa na kila kitu tumboni: samaki, chura, mbegu, wadudu, hata makapi ya mahindi. Huyu anaingia wapi katika mgawanyo wako?

Mwanzisha uzi:

Mkuu, uzoefu wako ni sahihi kabisa, na ni wa thamani kuliko vitabu vingi. Kambale hana chakula chake maalumu. Anachowazidi wengi ni pumzi. Juu ya matamvua yake, ndani, ana kiungo chenye matawi kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji. Kwa hiyo anaweza kubaki katika dimbwi la tope ambamo oksijeni imekwisha na kuyu ameshakufa, na usiku wenye unyevu anaweza hata kujiburuza juu ya nchi kavu hadi dimbwi jingine. Anashindana na kila mtu katika mto uliojaa, lakini mto unapokaribia kukauka hubaki na sehemu ambayo wengine wengi hawaiwezi. Naye pia, ukitaka kumwelewa, mtazame kiangazi.

Umenikumbusha jambo linalonilazimu kusahihisha maneno yangu ya mwanzo. Nilisema mvua huleta shibe na kiangazi huleta njaa. Mto Mara haukubali maelezo hayo mepesi. Nyumbu huuvuka kati ya Julai na Oktoba hivi, wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi ile ni kavu, na wengi huzama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Amanda Subalusky na wenzake ulikadiria kwamba kwa wastani mizoga 6,250 huingia mtoni kwa mwaka, uzito wa takriban tani 1,100. Kwa kupima isotopu (aina za atomi zinazoonyesha chakula kimetoka wapi) katika miili ya samaki waliozoeleka mtoni humo, watafiti hao waliona kwamba mizoga inapokuwepo huchangia kati ya asilimia 34 na 50 ya lishe ya samaki. Nyama huisha ndani ya wiki chache, lakini mifupa huchukua takriban miaka 7 kuoza, na utando wa mwani na bakteria unaoota juu yake uliwapa samaki asilimia 7 hadi 24 ya lishe hata mizoga ilipokuwa haipo. Kwa hiyo karamu inaweza kuja kiangazi, na inapokuja, samaki wenye midomo tofauti hukutana kwenye meza moja. Kinachowatenganisha ni upungufu wenyewe, uje mwezi wowote. Mito mingi haina nyumbu, ndiyo maana katika mito mingi upungufu na kiangazi ni kitu kimoja.

Mchangiaji wa nne:

Mimi nimekulia karibu na Ruaha Mkuu. Wazee wanasema zamani mto haukuwahi kukatika. Sasa unakatika karibu kila mwaka. Kwa maelezo yako, samaki wanafanyaje pale mgawanyo unapokosa mahali pa kufanyika?

Mwanzisha uzi:

Pole sana, ndugu. Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, ingawa nilikuwa nikilizunguka.

Wazee wako wanasema kweli. Inajulikana kwamba Ruaha Mkuu ulikauka kwa mara ya kwanza ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993, mwishoni mwa kiangazi, na baada ya hapo ukawa unakauka mara kwa mara. Maji mengi huchepushwa juu, kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, kabla hayajafika kwenye ardhi oevu ya Ihefu na kuendelea hifadhini. Sisemi mkulima wa mpunga ana kosa la kutaka kula. Ninasema maji yanayoondolewa mwezi wa Septemba hayalingani na yale yanayoondolewa mwezi wa Machi, hata kama ujazo wake ni uleule.

Tazama kinachotokea kwa mpangilio. Mkondo unapopungua, mapito ya kasi ndiyo hufa kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye kina kifupi kuliko vyote. Samaki wa sahani ya kunyonya hana pa kwenda, maana umbo lake lote limefanywa kwa ajili ya maji yanayokimbia. Anayefuata ni samaki wa ukingoni, kwa sababu maji hujitenga na mizizi na watoto waliokuwa wamejificha humo hulazimika kutoka kwenda katikati, mbele ya wakubwa wenye njaa. Mwishoni hubaki madimbwi yasiyounganishwa, na katika madimbwi hayo hukusanyika samaki wote waliosalia, pamoja na mamba, ndege na viboko.

Kiboko yule tuliyemsifu kule Mzima, hapa anageuka kuwa tatizo, na kinachobadilika ni maji yanayopita. Kule mkondo wa chemchemi husafisha mchana na usiku. Katika dimbwi lililosimama, kinyesi hurundikana, bakteria hukioza, na oksijeni huisha. Utafiti uliofanywa na Keenan Stears na wenzake katika Ruaha Mkuu wenyewe, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha hivyo: mto ulipoacha kutiririka, madimbwi yenye viboko wengi yalipungukiwa na oksijeni, na samaki pamoja na wadudu wa majini wakapungua kwa wingi na kwa aina. Mkondo uliporudi, hali nayo ilirekebika. Mwaka huohuo, Christopher Dutton na wenzake walieleza namna maji ya ghafla yanavyoyafagia madimbwi ya viboko katika Mto Mara, yakapeleka uchafu usio na oksijeni kwenda chini na kuua samaki. Kwa hiyo hata mvua ya kwanza, ile tunayoisubiri, inaweza kumkuta samaki akiwa hana pa kukimbilia.

Turejee sasa kwa sato, aliyeanzisha ubishi wote huu. Sato hana haja ya mapito ya kasi. Hula mwani, mabaki ya mimea na wadudu, huvumilia maji ya vuguvugu yaliyotulia, na huzaana upesi. Mto ukiwa mzima, wenye povu, kina, mizizi na tope, sato hujikuta katika sehemu moja tu ya mto. Mto ukiwa umegeuzwa kuwa madimbwi, sehemu hiyo ndiyo mto wote. Humo atakutana na perege wa asili, nao si kwamba watagombania chakula tu, bali watazaana, kwa kuwa ni ndugu wa karibu, na baada ya vizazi kadhaa perege halisi hatapatikana. Jambo hilo la kuchanganyika kwa damu limeshathibitishwa katika maeneo kadhaa ya Tanzania. Tulishaona Ziwa Victoria, ambako sato aliletwa miaka ya 1950: ngege, ambaye babu zetu walimhesabu kuwa samaki mtamu kuliko wote, leo hutafutwa kwenye malambo na maziwa madogo ya pembeni, ingawa sangara na uvuvi uliokithiri navyo vilihusika.

Mchangiaji wa tano:

Mkuu, tunao mto mdogo kijijini na kuna mpango wa kuweka banio. Tungependa kuhesabu samaki wetu kabla ya ujenzi, lakini hatuna mtaalamu. Tuanzie wapi?

Mwanzisha uzi:

Anzeni na tarehe. Nendeni mwishoni mwa kiangazi, siku mto unapokuwa mdogo kuliko siku zote za mwaka, na mrudi tena katikati ya mvua ili mlinganishe. Chagueni sehemu nne: penye povu, penye kidimbwi kirefu, penye mizizi ya ukingoni na penye tope. Kila sehemu pimeni kina kwa fimbo iliyowekwa alama, kisha andikeni samaki mnaowaona au kuwanasa, kwa jina la kijijini kwenu, na picha ya mdomo wa kila mmoja kutoka upande na kutoka chini. Rudini usiku pia, mkiwa wengi na mkiwa mmeuliza kwanza kuhusu mamba, kwa kuwa wakazi wengi wa mto huamka wakati huo. Wanaovuliwa kwa ajili ya kitoweo, pasueni matumbo yao na muandike mlichokikuta. Maswali mtakayompelekea mhandisi yatatokana na daftari hilo: banio litaacha sentimita ngapi za maji penye povu mwezi wa Oktoba, na ningu au kuyu anayepanda kutaga atapitia wapi?

Mtakapogeuza mawe kutafuta vile visamaki vya sahani ya kunyonya, lowesheni mikono kwanza, msimshike kwa nguvu, na kila jiwe mlirudishe lilipokuwa, upande wenye mwani ukiwa juu.